Msamaha wa Mkaguzi wa Mizani

Mtaani walimwita Gramu, naye akajifanya hajui. Alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu mrefu na mkavu, mwenye kalamu tatu mfukoni na begi la ngozi lililobeba mawe ya mizani ya chuma: la kilo tano, la kilo mbili, la kilo moja, na wadogo zao. Kwa miaka ishirini na mbili alizunguka na begi hilo kutoka duka hadi duka. Aliweka jiwe juu ya mizani ya mtu, akakunja uso, akatoa bisibisi, akaikaza ile mizani mpaka ikubaliane na jiwe. Muuzaji aliyenung'unika aliandikiwa karatasi. Aliyenyamaza aligongewa muhuri na kuachiwa neno la Mungu juu yake, maana Gramu alikuwa pia mzee wa kanisa, na hakuwahi kuona mpaka kati ya kazi hizo mbili.

Nyumbani alikuwa yule yule, ila bila sare. Mkewe, fundi cherehani aliyewashonea nusu ya wanakwaya majoho yao, alikuwa amejifunza zamani kwamba kumjibu ni kujitafutia semina. Mabinti wao wawili wakubwa walikuwa wameolewa mbali sana, na wenye midomo walisema hawakuolewa, walitoroka. Aliyebaki ni kitinda mimba, binti aliyefanya kazi kwenye duka la kuoka mikate, na ambaye ulimi wake haukuwahi kupita kwa baba yake kukaguliwa. Chumba cha nyuma alikaa Bibi, mama mzazi wa Gramu, mwenye masikio mazito kwa mahubiri na mepesi kwa umbea.

Majilio yakiingia, zile Jumapili nne za kungoja Krismasi, nyumba hiyo iligeuka ofisi. Wiki moja kabla ya Jumapili ya kwanza Gramu alivaa kaptura yake ya zamani, akafungua kopo la rangi ya fedha, akaanza kupaka. "Bwana akija asikute kutu," ndiyo ilikuwa kauli yake kila mwaka, na baada ya kauli hiyo rangi ilipita kwenye geti, kwenye miguu ya viti vya nje, kwenye makopo ya maua, kwenye baiskeli, kwenye mawe yake ya kazi, na mwaka mmoja kwenye mkia wa paka aliyechelewa kuondoka. Kila kitu kilipakwa mara mbili. Desturi hiyo aliianza mwaka alipofanywa mzee wa kanisa, na huu ulikuwa wa kumi na nne.

Baada ya rangi lilifuata shada: waya, majani mabichi, mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Mishumaa yenyewe ilipimwa kwa rula na kuchorwa alama kwa kalamu, hapa mwisho Jumapili ya kwanza, hapa mwisho ya pili. Saa moja jioni kamili watu wote mezani. Aliyechelewa hakuwasha. Moto ukifika kwenye alama, mshumaa ulizimwa hata kama Bibi yuko katikati ya sala, na Bibi, ambaye alikuwa na watu wengi wa kuwaombea, alishazoea kumalizia na moshi puani.

Lakini hayo yote yalikuwa mazoezi tu. Alichokitaka Gramu kilikuwa kanisani. Shada kubwa la kule lilikuwa na mshumaa wa tano, mweupe, katikati, wa kuwashwa asubuhi ya Krismasi, na kila mwaka familia moja ilichaguliwa kuuwasha. Familia nzima iliitwa mbele, baba akashika kipaza sauti, akatamka mbele ya waumini kwamba nyumba yake haina kinyongo na mtu yeyote wa damu yake, kisha kibiriti kikawashwa. Miaka kumi na mitatu Gramu alikuwa amekaa benchi la mbele akiuona mshumaa huo ukienda kwa watu wengine. Ulikwenda kwa mwalimu wa kwaya. Ulikwenda kwa dereva wa lori la taka. Mwaka uliopita, jambo lililomkata maini hasa, ulikwenda kwa muuza matairi yaliyotumika, mtu ambaye Gramu alijua kwa macho yake kwamba hupima upepo wa tairi kwa kulipiga teke.

Basi Jumapili ya kwanza ya mwaka huo Mchungaji akatangaza kuwa mshumaa wa katikati utawashwa na nyumba ya mzee wa mizani. Gramu alisimama, akainama kidogo kulia, akainama kidogo kushoto, akakaa. Baada ya ibada Mchungaji alimvuta pembeni, karibu na kabati la vitabu vya nyimbo.

"Mzee, kuna lile la mdogo wako."

"Mchungaji, mimi sina kinyongo naye. Mwenye kinyongo ni yeye."

"Sasa awe mmoja, wawe wawili, kinyongo ni kinyongo. Kamalizaneni. Nataka nimwone amesimama pale mbele na wewe, la sivyo nitamwomba muuza matairi atusaidie tena."

Gramu akasema atamwandikia.

Huyo mdogo wake alikuwa muuza nyama. Miaka saba nyuma alikuwa na bucha lake mwenyewe, lenye vigae vyeupe na mizani mpya ya umeme aliyoinunua ikiwa bado kwenye boksi, na cheti cha kiwanda amekibandika ukutani. Mwezi wa kwanza tu wa kazi, kaka mtu akaingia na begi. Akaweka jiwe la kilo tano. Mizani ikasoma kilo tano na gramu thelathini na mbili. Gramu akanyoosha mkono aifungue airekebishe, na mdogo wake akaweka kiganja juu yake. "Kaka, hii usiiguse," alisema. "Imetoka kiwandani juzi. Kaangalie hilo jiwe lako."

Kaangalie jiwe lako! Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Gramu neno kama hilo. Wauzaji wote wa mji huinamisha kichwa, wanakaziwa bisibisi, mambo yanaisha; huyu, tena wa tumbo moja, anambishia mbele ya wateja. Gramu aliandika karatasi. Aliandika na tangazo kwa herufi kubwa, BUCHA LIMEFUNGWA KWA KUDANGANYA KIPIMO, akalibandika mlangoni kwa mkono wake, siku thelathini. Zilipokwisha siku thelathini, wateja walikuwa wameshazoea kwingine na bucha halikufunguka tena. Mdogo mtu akaenda kukata nyama kwenye bucha la mtu mwingine. Kwa kaka yake hakukanyaga tena, si Krismasi, si ugonjwa. Mama yao alikwenda kumwona kwake, akirudi amenuna.

Kisa hicho Gramu alikisimulia kanisani mara nyingi, bila kutaja jina, kuwa ni habari ya mtu fulani aliyeipenda haki kuliko damu. Kila aliyesikiliza alimjua mtu fulani na alimjua mwenye bucha.

Jioni ile ile ya Jumapili ya kwanza, mshumaa ulipozimwa kwenye alama yake, Gramu alitoa karatasi ya mistari akaandika barua ya msamaha. Juu kabisa aliweka kumbukumbu namba. Chini yake akaandika YAH: KUKUSAMEHE, akapiga mstari kwa rula. Aya ya kwanza ilirejea kosa, tarehe yake na kiasi chake, gramu thelathini na mbili. Aya ya pili ilieleza kwamba mwandishi, kwa neema tu wala si kwa mwandikiwa kustahili, ameamua kulifuta kosa hilo. Aya ya tatu ilimtaka mwandikiwa ahudhurie ibada ya Krismasi saa tatu kasoro robo asubuhi, akiwa amevaa kwa heshima. Mwisho: Nakala kwa Mchungaji.

"Nisomee," Bibi alisema. Akasomewa yote, hadi nakala. "Mwanangu, barua ya kumwita ndugu yako ina nakala?"

"Ni utaratibu, Mama. Kwa ajili ya kumbukumbu."

"Kumbukumbu ni mimi niliyewazaa. Miaka saba sijawaona mezani pamoja, na siku zangu zilizobaki unaweza kuzipima kwa kale kajiwe kako kadogo kuliko yote. Si umpigie tu simu, umwambie njoo tule?"

"La kula limo, Mama. Nitaliongeza aya ya nne."

Jibu lilikuja wiki ya pili, kwa simu ya Bibi. Mdogo mtu alimwambia mama yake maneno machache: barua ameipata, ameisoma mara nyingi, atakuja. Bibi alilia hapo hapo kitandani, akaomba aletewe sabuni afue kitambaa chake cha kichwa, ingawa Krismasi ilikuwa bado wiki mbili nzima. Gramu yeye alisema, "Mnaona neema inavyofanya kazi," akaenda kuieleza neema hiyo kwa kinyozi, kwa wazee wenzake, na kwa muuza matairi, ambaye hakuwa ameuliza.

Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyostahili. Alhamisi ya wiki ya tatu, binti yake akarudi na mizani ndogo ya umeme aliyoinunua kwa ajili ya keki ya Krismasi. Katika nyumba ile mizani haikuingia jikoni kabla haijapita mbele ya baba.

"Iweke hapo kwanza," Gramu alisema.

"Baba, ni ya kupimia unga."

"Huko kwenye unga ndiko wizi unakoanzia."

Akaleta begi, akatoa jiwe la kilo tano, liking'aa rangi mpya ya mwaka huo, akaliweka. Mizani ikasoma elfu tano na sitini na nne.

"Mwizi," alisema Gramu, kwa furaha ya kweli kabisa.

"Haiwezekani. Asubuhi nimeilinganisha na ile kubwa ya kazini. Zinakubaliana."

"Basi na hiyo ya kazini ni mwizi. Haijapita kwangu bado. Kesho nakuja."

Kesho yake akaenda kweli, na begi lake. Mizani mpya ya duka la mikate ikasoma elfu tano na sitini na nne. Akatoka hapo hadi kliniki, akamwomba mama mmoja amnyanyue mtoto wake kidogo, akalaza jiwe kwenye kitambaa cha kupimia watoto. Nesi alitazama, akasoma kilo tano na gramu sitini na ushee, akasema huyo mtoto ana afya njema, ila amwongezee maziwa. Akaenda posta, kwenye mizani ya vifurushi. Sitini na nne. Kliniki na posta zilikuwa chini ya idara nyingine, bisibisi yake haikuwahi kufika huko.

"Mji mzima umenilia njama," alimwambia mkewe jioni.

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Mizani zote nne?"

"Zote nne."

"Na jiwe ni moja."

Gramu akalirudisha jiwe begini. Usiku ule alilala chali, macho juu. Nyani haoni kundule, wanasema, lakini nyani huyu alikuwa ameletewa kioo, tena mara nne.

Jumamosi mchana alikaa uani na kisu cha jikoni, akaanza kukwangua jiwe. Rangi ya fedha ilitoka, chini yake ikawa fedha nyingine, na chini ya hiyo nyingine. Magamba yalilundikana kwenye gazeti. Jiwe lilipobaki chuma kitupu, cheusi, alilibeba hadi jikoni bila kuangalia mtu na kuliweka juu ya mizani ya keki. Elfu tano. Hata gramu moja haikuzidi.

Ni kweli kwamba mawe hayo yalitakiwa kupelekwa makao makuu kila mwaka yakapimwe upya. Lakini mashine ya makao makuu iliharibika zamani, na tangu hapo mtu alipeleka karatasi, ikagongwa muhuri, wakaulizana habari za nyumbani. Kinyozi hajinyoi, na huyu wa kumnyoa kinyozi alikuwa hana wembe. Gramu alisimama pale jikoni akapiga hesabu ambayo hakuitaka. Miaka kumi na minne, gramu sitini na nne. Miaka saba iliyopita ingekuwa nusu yake. Nusu ya sitini na nne hakuhitaji kuitafuta kwenye jalada lolote. Alikuwa ameiandika mwenyewe kwenye aya ya kwanza ya msamaha.

Ndipo alipoelewa na mengine. Kumbe ndiyo maana wauza unga na wauza sukari walilalamika kila mwaka kwamba gunia linaisha kabla ya hesabu: kila kilo waliyoipima ilikuwa na ziada. Alikuwa ameikaza mizani ya mji mzima ifuate rangi yake, na mizani moja iliyokuwa imenyooka ndiyo aliyoifungia mlango. Alijisikia vibaya. Alijisikia vibaya sana, akakaa kwenye kiti cha jikoni. Aibu ilimshika kwanza, na nyuma ya aibu hofu ikaja mbio, ikaipita.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga. "Baba mdogo hakuiba," alisema.

"Punguza sauti. Bibi yako anasikia."

"Utamwambia lini?"

"Kila jambo lina wakati wake."

"Lini, Baba?"

"Baada ya sikukuu. Huwezi kuvuruga kuzaliwa kwa Bwana kwa habari za rangi."

Jumapili ya nne Mchungaji alihubiri habari za yule nabii wa nyikani aliyewaambia watu wanyooshe palipopinda. Miaka yote Gramu aliyapenda mahubiri hayo, aliyaona ni ya idara yake. Siku hiyo aliangalia viatu. Jumatatu alikwenda hadi karibu na bucha alikofanya kazi mdogo wake, akamwona kwa mbali, aproni imelowa, akimfungia mteja nyama kwenye karatasi. Akapiga moyo konde, akavuka barabara, kisha akakumbuka kwamba hakuvaa tai, akarudi nyumbani. Jumanne aliinua simu mara mbili. Mkewe, ambaye binti alikuwa amemweleza kila kitu, alimtazama juu ya cherehani.

"Barua moja uliandika ndani ya jioni moja. Andika ya pili."

"Itasomekaje, mama watoto? Mzee wa kanisa, mkaguzi wa mizani?"

"Anza na YAH, kama ile."

Hakuandika. Alijiambia kwamba anamwonea huruma mama yake, kwamba kikongwe asiharibiwe Krismasi, kwamba ukweli uliokaa miaka saba hauozi kwa siku tatu zaidi. Mtu akitaka sababu hakosi, na huyu alizipata nyingi, akazipanga vizuri. Moja tu hakuiweka kwenye orodha: aliutaka ule mshumaa.

Asubuhi ya Krismasi mdogo wake alifika saa tatu kasoro robo kamili. Alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, mkunjo mmoja ukimkimbia mgongoni. Alikuwa amekonda, na mvi zimeingia. "Shikamoo, kaka," alisema, akitazama chini.

"Marahaba," Gramu alijibu, na sentensi aliyokuwa ameiandaa njia nzima ikarudi tumboni.

Bibi alimshika mwanawe huyo mkono na hakuuachia mpaka wakati wa mshumaa, hata watu waliposimama. Kanisa lilijaa. Gramu, kwa mazoea, alishahesabu: watu mia tatu kamili, pamoja na wachanga. Familia iliitwa mbele, ikajipanga kuzunguka shada. Mchungaji alimkabidhi Gramu kipaza sauti. Gramu akakisogeza mdomoni.

"Kaka, nakuomba nianze mimi," mdogo wake alisema polepole, akanyoosha mkono. Hakuna namna ya kumnyima mtu kipaza sauti mbele ya watu mia tatu. Gramu alikitoa.

"Ndugu zangu," mdogo mtu alianza. "Wengi mnanijua. Mlipita kwenye tangazo langu. Miaka saba nimekuwa nikisema sikuiba, nikamchukia kaka yangu. Lakini mwezi huu kaka ameniandikia kwamba amenisamehe. Nimekaa na barua ile. Nikajiuliza, kaka yangu mtu mwenye hofu ya Mungu, anaandika hadi gramu zenyewe, baada ya miaka saba, atakuwa amekosea? Nikaona mwenye kosa ni mimi. Labda mizani ilikuwa na shida nisijue, na kwa kiburi nikakataa iguswe. Basi nawaomba radhi wote niliowapunja. Na wewe kaka, nakuomba radhi."

Kanisa zima likasema amina. Akina mama wa kwaya walipangusa macho kwa mikono ya majoho. Kipaza sauti kilirudi kwa Gramu. Binti yake alikuwa akimtazama, na mkewe alikuwa akimtazama, na mbele yake walikuwa watu mia tatu, na mshumaa mweupe, na Mchungaji anayeitikia kwa kichwa kumtia moyo. Palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa kubwa ya kutosha kupitisha gari.

"Nimemsamehe," Gramu alisema.

Makofi yalivuma. Kibiriti kilikuwa mkononi mwa binti, na binti hakukifungua. Bibi akamnyang'anya, akauwasha mshumaa mwenyewe huku akicheka na kulia, maana yeye peke yake katika nyumba ile ndiye hakuwa na habari. Gramu alitazama moto ule aliousubiri miaka yote hiyo. Ulikuwa moto wa mshumaa.

Nyumbani meza ilitandikwa. Nyama ya kuoka iliwekwa katikati, na Bibi akasema akate mwenye fani yake. Mdogo mtu alikata vizuri, kisu kikipita bila kelele, na kwenye kila sahani, akishaweka kipande, alirudi na kingine kidogo juu yake.

"Baba mdogo, hiyo ya pili ya nini?" binti aliuliza.

"Mazoea tu," alisema kwa haya. "Toka lile tangazo, kila mteja nikishampimia, naongeza kipande. Nakikata kwenye posho yangu ya nyama ya kupeleka nyumbani. Nilikuwa nasema sikuiba, lakini mkono ulikuwa hauna uhakika. Nikaona heri nizidishe kuliko nipunguze."

"Miaka saba?" aliuliza mke wa Gramu.

"Ndiyo, shemeji. Si kitu kikubwa. Kama gramu thelathini hivi."

Mke wa Gramu aliweka uma mezani. Binti alisukuma sahani yake mbele. Gramu alitafuna tonge lililokuwa mdomoni, likakataa kwenda chini, akalisukuma kwa maji, na maji yalipokwisha alikuwa hana kitu kingine cha kufanya na mdomo wake.

"Mizani yako ilikuwa sahihi," alisema.

Akaiweka glasi tupu mezani.

"Jiwe ndilo lililokuwa na makosa. Nilikuwa nalipaka rangi kila Majilio, rangi juu ya rangi. Limezidi. Siku ile lilikuwa limezidi thelathini na mbili."

Bibi aligeuza sikio lake zuri. "Amesemaje?"

"Amesema hakuiba, Bibi," binti alimjibu kwa sauti kubwa. "Baba mdogo hakuiba."

"Hilo mimi nalijua," Bibi alisema. "Nilimzaa."

Mdogo mtu alikuwa bado ameshika kisu cha kukatia nyama. Alikiweka chini taratibu, akapangusa vidole kimoja kimoja kwa kitambaa. "Umejua lini, kaka?"

Gramu alikaribia kusema uongo. Alilifikiria kabisa. "Jumamosi iliyopita."

"Jumamosi. Kabla ya leo."

"Kabla ya leo."

"Nikasimama pale mbele nikawaomba watu radhi, na wewe unajua."

"Nilitaka kukuambia baada ya sikukuu. Nisamehe, mdogo wangu. Nakuomba unisamehe."

Mdogo mtu alimtazama, na ule woga aliokuja nao asubuhi ulikuwa umemtoka usoni. Hakupaza sauti. "Umenisamehe mbele ya watu mia tatu," alisema. "Ukweli unaniambia mbele ya sahani."

Gramu aliinamisha kichwa, kama walivyoinamisha wauza duka wote wa mji kwa miaka ishirini na mbili. Kisha akainuka na kutafuta koti lake. Kulikuwa na ibada ya saa kumi na moja jioni. Bibi akasema na yeye anakwenda, anataka kusikia kwa masikio yake mwenyewe, hata lile lililokufa, na wakaenda wote.

Ibada ya jioni ya Krismasi ni ya watu walioshiba. Walikuwepo wachache, wamesambaa kwenye mabenchi, nusu yao wakisinzia. Gramu alimwomba Mchungaji dakika tano, akasimama mbele, akasema yote: rangi, kopo, kisu cha jikoni, mizani nne, thelathini na mbili, sitini na nne, tangazo, barua. Alisema na lile la asubuhi, kwamba alijua, akanyamaza kwa ajili ya mshumaa. Aliona aibu ambayo hakuwahi kudhani mwili wa mtu unaweza kuibeba bila kuanguka. Alipomaliza, Mchungaji aliinuka haraka kuokoa mambo, akasema tumshukuru Mungu kwa unyenyekevu wa mzee wetu, na mmoja wawili wakaanza kupiga makofi.

Mdogo wake hakupiga. Alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono magotini, anasikiliza kila neno mpaka la mwisho.

Nje, kwenye ngazi, alimsubiri. Bibi alikuwa amemshika mkono huu, binti ule. Gramu alisimama mbele yao, tai imempinda, akingoja apewe alichokiomba mezani.

"Umehesabu leo jioni?" mdogo wake alimuuliza.

"Nimehesabu."

"Walikuwa wangapi?"

"Arobaini."

"Na asubuhi?"

"Mia tatu."

"Basi bado mia mbili na sitini, kaka," alisema mdogo mtu. "Jumapili nitakuja tena. Nitakaa pale pale mbele."

Gramu alifungua mdomo abishe, akaufunga. Hesabu ilikuwa sahihi.